Mwongozo kamili: kufungua, kusoma na kutunza barua za zamani za familia

Watu wanaoniletea barua za wazee wao hapa Dodoma wengi hunifikia wakiwa wamechelewa. Mmoja ameshaziba mipasuko kwa selotepu. Mwingine alizianika zote uani, upepo wa mwezi wa nane ukapita. Wa tatu amezichapa kwenye kompyuta, akasahihisha Kiswahili cha bibi yake hadi kikawa cha gazetini, kisha akaitupa karatasi yenyewe kwa kuwa "imechakaa". Wote hawa walizipenda hizo barua, na uharibifu walioufanya haurudi nyuma.

Wengi wao walikuwa wakitafuta jambo kubwa: vita, Uhuru, jina la kiongozi. Wasipoliona wanasema barua hazina kitu, ni salamu tupu. Mimi nashikilia kwamba kitu kiko humo humo kwenye salamu, kwenye mche wa sabuni, mbuzi aliyezaa na ada ya shule iliyopungua. Hatua zote hapa chini zimepangwa ili hivyo vidogo visipotee.

Kwa fungu la barua 30 au 40, tenga siku za mapumziko za wiki tatu au nne. Ukiharakisha utarudia.

## Vitu vya kuandaa

- Meza kubwa, safi, mbali na dirisha lenye upepo na mbali na jiko.
- Shuka jeupe au karatasi nyeupe za kutandika mezani.
- Penseli laini (2B ni nzuri) na kifutio.
- Kaunta buku moja la kurasa nyingi.
- Brashi laini ya kupakia rangi ambayo haijawahi kutumika.
- Kisu cha mezani kisicho na makali, cha kuinulia pini za stepla.
- Rimu ya karatasi nyeupe za A4.
- Kontena la plastiki lenye mfuniko, na kikapu cha plastiki chenye matundu kama vile vya kuoshea mboga, kinachoingia ndani yake.
- Kioo cha kukuzia.
- Simu yenye kamera nzuri, tochi ndogo, na flashi au kadi ya memori.
- Barakoa, na mifuko ya nailoni inayofungika vizuri.

Vitu vya kuondoa mezani kabla hujaanza: kalamu za wino, selotepu, gundi, pasi, dawa ya kupulizia wadudu, chai na maji. Glovu si lazima. Mikono iliyonawiwa na kukauka kabisa inahisi karatasi vizuri zaidi, na karatasi iliyochoka inahitaji vidole vinavyohisi.

## Hatua ya 1: Omba ruhusa kwa mwenyewe au kwa familia

Barua ina aliyeiandika, aliyeipokea na waliotajwa ndani. Kama yupo mmoja wao aliye hai, nenda kwake kwanza. Kama wote wametangulia mbele za haki, zungumza na mkubwa wa familia: baba mkubwa, shangazi, au yeyote ambaye neno lake linasikilizwa.

Sema wazi unataka kufanya nini: kusoma, kupiga picha, kunakili. Kuweka mtandaoni ni ombi jingine kabisa, na usilichanganye na hili. Ndani ya barua mna madeni, magonjwa, watoto waliozaliwa nje, na ugomvi wa mashamba ambao huenda umelala miaka 40. Mkubaliane mapema kwamba barua fulani zinaweza kurudi kwenye bahasha yake bila kunakiliwa.

Hatua hii imekamilika pale mkubwa wa familia anapoanza yeye mwenyewe kukuambia ni kwa nani mwingine zilipo barua nyingine. Mara nyingi zipo.

## Hatua ya 2: Liweke sanduku kwenye kumbukumbu kabla hujaligusa

Fungua sanduku la bati, piga picha, kisha simama. Usitoe barua nzuri nzuri kwanza.

Mpangilio uliokutwa ni taarifa. Barua zilizofungwa pamoja kwa uzi au kwa kipande cha kanga ziliwekwa pamoja na mtu aliyekuwa na sababu. Barua iliyokutwa ndani ya kadi ya kliniki ya mtoto huenda inamhusu mtoto huyo. Ukizimwaga zote mezani, sababu hiyo imekwenda na hakuna mtu atakayeirudisha.

Toa moja moja kuanzia juu. Kila moja ipe namba kwa penseli, ndogo, kwenye kona ya nyuma: 1, 2, 3. Fungu lililofungwa pamoja lipe herufi: A1, A2, A3. Usiandike kwa kalamu ya wino hata kama ni kidogo. Wino hupenya upande wa pili na hautoki.

Bahasha na barua yake vipate namba moja. Usitupe bahasha. Watu wengi huitupa wakidhani ni takataka, kumbe huko ndiko kuna muhuri wa posta, stempu, na njia barua iliyopita. Usiitoe stempu hata kama mtu wa stempu amekupa bei.

## Hatua ya 3: Safisha, na shughulikia wadudu

Hapa kwetu adui wa kwanza ni vumbi jekundu, wa pili ni mchwa, hasa kama sanduku lilikaa sakafuni kwenye nyumba ya tembe au ya udongo.

Weka barua juu ya karatasi nyeupe, pitisha brashi kutoka katikati kwenda pembeni, taratibu. Usipulize kwa mdomo, mate hubaki. Usifute kwa kitambaa chenye maji. Pini na vibanio vyenye kutu viinue kwa kisu butu, mguu mmoja baada ya mwingine, bila kuvuta. Kutu huila karatasi kuizunguka.

Ukiona wadudu hai au unga mpya unaodondoka kila siku, ziweke barua kwenye mfuko wa nailoni, toa hewa, funga vizuri, weka kwenye friza wiki mbili. Friza za nyumbani hufika nyuzi 18 chini ya sifuri, na kwa baridi hiyo wiki mbili zinatosha. Umeme ukikatika muda mrefu, anza kuhesabu upya. Ukitoa, acha mfuko ukiwa umefungwa siku nzima, kwa sababu ukiufungua mapema unyevu wa hewa utatua juu ya karatasi. Dawa ya kupulizia na vidonge vya kabatini usitumie: vinabaki kwenye karatasi na vinamdhuru atakayesoma.

Ukungu ni jambo jingine. Kama bati lilivuja na barua zina manyoya meupe au ya kijani, vaa barakoa, ziache zikauke kwanza kivulini, na zipigie brashi nje ya nyumba.

## Hatua ya 4: Kunjua bila kuvunja

Hapa ndipo barua nyingi zinapokatikia. Hewa ya Dodoma ni kavu miezi mingi ya mwaka, na karatasi iliyokaa imekunjwa mara nne kwa miaka 50 inakuwa kama jani la mhindi lililokauka. Ukiilazimisha, inapasukia kwenye mkunjo, na mkunjo kwa kawaida umepita katikati ya mstari wa maandishi.

Kama inafunguka yenyewe kwa urahisi, ifungue na uruke sehemu inayofuata.

Kama inagoma, irudishie unyevu kidogo. Kwanza jaribu wino: gusa nukta moja isiyo muhimu kwa ncha ya kijiti cha pamba kilicholowa kidogo sana. Wino ukihamia kwenye pamba, acha kabisa hatua hii. Wino wa kalamu za kuchovya na za kujaza huyeyuka. Penseli na kalamu za bik za kawaida huvumilia. Barua yenye ukungu nayo isipitie hapa.

Wino ukishikilia, tandika kitambaa cha pamba kilicholowa na kukamuliwa chini ya kontena. Weka kikapu chenye matundu juu yake, barua juu ya kikapu, isiguse kitambaa. Funga mfuniko. Chungulia kila nusu saa. Baada ya saa mbili mpaka nne mkunjo utakuwa umelegea, utaufungua kwa vidole viwili bila kusikia mlio wowote. Kisha ilaze katikati ya karatasi mbili nyeupe, weka vitabu vizito juu, acha siku mbili.

Usipige pasi. Usiianike juani, jua la saa sita hapa linafifisha wino kwa siku chache.

Na kuhusu kulamineti nasema kwa uchungu. Barua pekee niliyokuwa nayo ya mwandiko wa bibi yangu mzaa mama niliipeleka mwenyewe kwenye duka la steshenari mjini ikalaminetiwe ili idumu. Joto lilikausha mkunjo ukapasuka ndani ya plastiki, na kipande chenye tarehe kikakunjika na kugandia hapo hapo. Nakiona, sikifikii. Barua iliyopasuka iache na mipasuko yake ndani ya karatasi iliyokunjwa. Vipande viwili vilivyokaa pamoja ni barua nzima.

## Hatua ya 5: Piga picha kabla ya kusoma

Ndiyo, kabla. Ukianza kusoma utazishika mara kumi, na kila mshiko unapunguza kitu.

Meza karibu na dirisha, mwanga wa asubuhi ukitoka ubavuni, flashi ya kamera imezimwa. Simu iwe sambamba na karatasi ili mistari isipinde. Weka rula pembeni ili ukubwa wa karatasi uonekane. Piga mbele, nyuma, hata upande unaoonekana mtupu, na bahasha pande zote mbili. Aerogramu, ile karatasi ya buluu inayojikunja kuwa bahasha, ina maandishi mpaka kwenye mikunjo ya kufungia; ifungue yote.

Penseli iliyofifia ina njia yake. Zima taa, laza tochi ubavuni mwa karatasi ili mwanga utambae juu yake. Alama ya ncha ya penseli itaweka kivuli na maneno yatainuka. Nimeona kwa njia hii mstari mzima ambao mwandishi alikuwa ameufuta.

Faili lipe jina linaloeleweka bila wewe: namba, tarehe, ukurasa. Kwa mfano *A3_1974-03-12_uk1*. Tarehe usiyoijua iandike 0000. Tunza nakala sehemu tatu: kwenye simu, kwenye flashi inayokaa nyumba nyingine, na kwenye barua pepe au hifadhi ya mtandaoni.

Umefanikiwa kama unaweza kukuza picha na kusoma neno dogo kuliko yote bila kurudi kwenye karatasi.

## Hatua ya 6: Nakili kama ilivyoandikwa

Sasa kaunta buku. Nakili neno kwa neno, mstari kwa mstari, makosa yote yakiwemo. Nawaomba wasomaji wangu hili kuliko yote, na hili ndilo wanaloshindwa.

Chukua barua ya namna hii, ambayo mtu yeyote mwenye sanduku la miaka ya 70 ataitambua:

*mwanangu mpenzi kabla ya yote nina ku salimu sana sisi huku hatu jambo ila njaa uwele hauku toa yule mbuzi mwekundu ame zaa pacha na ile sabuni ulio tuma tume pata mche mmoja na kipande baba yako mdogo ame chukua kipande usi sahau kalamu ya mdogo wako ana andikia ya jirani*

Mtu anayesahihisha ataunganisha "ame zaa", ataweka nukta na herufi kubwa, ataandika "mvua hazikuwa nzuri na uwele haukustawi". Barua itapendeza, na ushahidi utakuwa umefutika. Maneno yaliyoachanishwa hivi yanakuonyesha mwandishi aliyejifunza kuandika kwa kusikia silabi: mtoto wa shule, au mtu mzima wa kisomo cha miaka ile Serikali ilipowaita watu wazima darasani. Ukikutana na "khabari" na "kheri", umekutana na mkono wa zamani zaidi au mkono uliopita madrasa. Neno la Kigogo, Kirangi au Kisandawe likijitokeza katikati ya Kiswahili, liache lilivyo; mwandishi hakuwa na neno jingine lililotosha.

Kanuni zangu za kunakili ni chache. Neno lisilosomeka weka mabano matupu [ ]. Neno unalolikisia weka kwenye mabano na alama ya kuuliza: [uwele?]. Maandishi ya pembeni yaliyozungushwa kwenye ukingo wa karatasi yaandike mwisho na useme yalikuwa ukingoni. Karatasi ilipopasuka sema imepasuka.

Ukikwama kwenye herufi, usikodolee neno moja. Tafuta neno unalolijua kwenye barua hiyo hiyo, "salamu" au "mwanangu", uone mwandishi huyu anavyofunga *s* yake na *m* yake. Mwandiko ni kama mwendo wa mtu, ukishaujua utaujua hata kwa mbali.

Barua za herufi za Kiarabu, zinazopatikana sana kwa familia za Kondoa, mara nyingi ni Kiswahili kitupu ndani ya herufi hizo. Tafuta mwalimu wa madrasa mtu mzima, keti naye, yeye asome kwa sauti na wewe uandike. Mwombe asifasiri, asome tu.

## Hatua ya 7: Ipe tarehe barua isiyo na tarehe

Tarehe zilizoandikwa ni siku kwanza, kisha mwezi: 12/3/74 ni Machi 12. Zilizoandikwa kwa mfungo zihesabu kuanzia mfungo mosi, mwezi unaofuata Ramadhani.

Kama hakuna tarehe, tumia alama hizi.

Stempu. Iliyoandikwa majina ya Kenya, Uganda na Tanganyika ni ya wakati wa ukoloni hadi miaka ya mwanzo ya uhuru. Tanganyika peke yake ni ya kabla ya 1935 au ya 1961 hadi 1964. Kenya, Uganda na Tanzania pamoja ni kuanzia kati ya miaka ya 60 hadi karibu na kuvunjika kwa Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 1977.

Maneno. "Jimbo la Kati" ni la zamani kuliko "Mkoa wa Dodoma". "TANU" iko kabla ya Februari 5, 1977. "CCM" iko baada yake. "Darasa la nane" ni la kabla ya darasa la saba kuwa mwisho wa shule ya msingi. "Tumehamishiwa kijijini" kwa mkoa huu inakupeleka Operesheni Dodoma, mwanzoni mwa miaka ya 70. "Wilaya ya Chemba" au "Bahi" kwenye bahasha ni ya juzi tu. Wazee wangeandika Kondoa au Dodoma Vijijini.

Msimu. Mvua zetu huanza mwishoni mwa Novemba au Desemba na kukatika Aprili. "Tunapalilia" ni Januari au Februari. "Tumeanza kuvuna" ni Mei hadi Julai. Hukupata mwaka, lakini umepata mwezi.

Vipimo. Ratili, pishi na debe ni vipimo vya kawaida kwenye barua hizi. Ratili ni chini kidogo ya nusu kilo, debe ni kama lita 20. Usivibadilishe kwenye nakala. Andika maelezo pembeni.

Tarehe unayoikisia iandike kwa penseli na useme umeikisia kwa alama gani.

## Hatua ya 8: Soma salamu kama orodha ya watu

Barua za zamani zilikuwa na mlango wake. "Dhumuni la barua hii ni kutaka kukujulia hali, ama mimi huku ni mzima wa afya, hofu na mashaka ni kwako wewe uliye mbali na upeo wa macho yangu." Sote tulifundishwa kuandika hivyo, na kwa sababu hiyo wasomaji huiruka sehemu hii. Msiiruke.

Andika jina au cheo cha kila aliyesalimiwa, kwa mpangilio ule ule. Fanya hivyo kwa kila barua, halafu zilinganishe. Mwaka huu amesalimiwa baba mkubwa, mama mdogo, shangazi na "watoto wote". Barua ya mwaka unaofuata shangazi hayupo. Ameolewa mbali? Amefariki? Wamekosana? Barua haitasema, lakini pengo limesema kwamba kuna la kuuliza. Na yule anayetajwa wa kwanza katika kila barua, hata kabla ya baba mwenye nyumba, ndiye ambaye mwandishi alimtegemea.

Kisha rudi kwenye ile barua ya sabuni. "Yule mbuzi mwekundu": aliyeandikiwa anamjua huyo mbuzi, alimwacha nyumbani. "Tumepata mche mmoja na kipande": mama hasemi mzigo umepungua njiani, anataja kilichofika, na mwana atajua mwenyewe alituma kiasi gani na kwa mkono wa nani. "Hatujambo ila njaa": adabu inatangulia, shida inafuata, maneno matatu tu. Na ile kalamu mwishoni? Kama mama hakujua kuandika na mdogo mtu ndiye aliyeshika kalamu, basi ombi hilo huenda ni la mtoto mwenyewe, amelipenyeza ndani ya barua ya mama yake, akiwa ameshika kalamu ya jirani.

Hilo la mwisho ni dhana. Kwenye kaunta buku gawa ukurasa mara mbili: kushoto *barua inasema*, kulia *mimi nadhani*. Usivuke mstari. Ukichanganya, baada ya miaka kumi watoto wako watasimulia dhana yako kama jambo lililotokea.

Fungua pia kurasa chache za mwisho kwa ajili ya orodha: vitu vilivyotumwa na kiasi, fedha na zilivyosafiri, kwa hawala ya posta au kwa mtu, magonjwa, mifugo, shule, nani alibeba barua. Barua isiyo na stempu, iliyoandikwa "kwa mkono wa" fulani, inakuonyesha watu waliokuwa wakipanda treni ya Reli ya Kati au basi, ambao familia iliwaamini. Ukijaza orodha hizi kwa barua 20 tu utaona mwaka mzima wa nyumba: njaa ya Februari, mbuzi aliyeuzwa kwa ajili ya ada, sabuni na sukari zilivyoadimika mwanzoni mwa miaka ya 80.

## Hatua ya 9: Keti na mzee

Nenda mchana mkiwa mmetulia, si asubuhi ya shamba. Shikamoo kwanza, habari za nyumbani zote, na usiende mikono mitupu. Sukari na majani ya chai vinatosha. Omba ruhusa ya kurekodi sauti.

Chukua nakala na picha, barua zenyewe ziache nyumbani. Kisha msomee kwa sauti, taratibu, na unyamaze. Swali la "unakumbuka nini?" ni zito mno kwa mtu yeyote. Uliza kidogo: huyu mbuzi alikuwa wa nani? Kalamu ilifika?

Jiandae kwa jambo moja. Wazazi wengi wasiojua kusoma walisomewa barua na watoto, na watoto waliruka habari za misiba, au waliambiwa na mtu mzima waruke. Nimemsomea bibi mmoja barua ambayo aliipokea yeye mwenyewe zamani, na ndani yake mna mistari ambayo hakuwahi kuisikia. Aliniomba nirudie. Kisha akaniomba niiache siku hiyo, nami nikafunga daftari. Kwa hiyo soma barua yote peke yako kabla, ujue kilichomo, na kama kuna msiba au siri, mwulize kwanza mwanawe mkubwa.

Ukirudi nyumbani, andika maelezo ya mzee kwa rangi tofauti au ukurasa tofauti, na tarehe ya mazungumzo. Akisema tofauti na barua, andika vyote viwili. Usichague.

## Hatua ya 10: Zirudishe mahali salama

Kila barua na bahasha yake ikae ndani ya karatasi nyeupe ya A4 iliyokunjwa, namba imeandikwa juu kwa penseli. Zilaze tambarare, hazikunjwi tena. Gazeti usitumie, linageuka njano na kuichafua barua. Bahasha za kaki nazo vivyo hivyo.

Zipange kwa namba ulizozikuta nazo. Mpangilio wa tarehe ufanye kwenye daftari na kwenye simu, huko hakuna kinachopotea.

Sanduku liwe la bati au boksi gumu lenye mfuniko, juu ya rafu au juu ya matofali manne, viganja viwili kutoka ukutani, ili mchwa wakipanda uone njia yao ya udongo kabla hawajafika. Kabati la chumbani ni bora kuliko stoo ya nafaka, kwa sababu ya panya. Ndani, juu kabisa, weka karatasi yenye maelezo: barua ngapi, za nani, nakala ziko wapi, nani aliruhusu nini.

Kama familia itataka nakala zitunzwe nje ya nyumba, ulizeni Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa utaratibu wake, mkiwa mmekubaliana ni barua zipi zinatoka na zipi hazitoki.

Fungua sanduku kila Oktoba, kabla ya mvua. Angalia kona nne, bati la paa juu yake, na ile karatasi ya juu. Barua nyingine zikipatikana kwa mjomba au kwa shangazi, zipe namba zinazofuata, usizipange upya zile za mwanzo.